Bupe na Mbuzi wa Siku ya Arafa

Kila Alhamisi asubuhi, kabla jua la Maskati halijapata nguvu, Bupe hutumwa dukani kununua unga na hamira. Kwao mikate ya Sabato hukandwa Alhamisi jioni ikaokwa Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi hakuna kulala mpaka saa tatu, hata kama shule zimefungwa. Siku nyingine Bupe huamshwa mara tatu ndipo ainuke, huku akinung'unika. Alhamisi hii aliamka mwenyewe, akaoga, akavaa, akamkuta baba yake bado anapiga miayo jikoni.

"Leo kulikoni?" Baba aliuliza. "Kitanda kimekuuma?"

Bupe alikuwa na sababu. Wiki ile Bupe alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Familia yake ni Wayahudi wa Arusha, watu wachache wenye sinagogi ndogo ya chumba kimoja, na kwao msichana wa miaka kumi na miwili huhesabiwa kuwa mtu mzima mbele ya amri za Mungu, akaitwa binti wa amri. Hapo husimama mbele ya watu na kueleza fungu la Torati linalosomwa wiki hiyo. Lakini baba yake Bupe, Bwana Msafiri, alikuwa fundi wa viyoyozi hapa Ghubra, Maskati, na mama yake alikuwa muuguzi. Nauli ya kwenda Arusha watu wote haikupatikana. Basi ilikubaliwa kwamba Bupe atazungumza kwa simu ya video, Ijumaa saa kumi na moja jioni, kabla Sabato haijaingia na simu kuzimwa. Sinagogi nzima itakuwa inamtazama, na mbele kabisa atakaa Babu.

Fungu lake lilikuwa lile lenye amri nyingi kuliko mafungu yote ya Torati. Bupe alichagua moja tu, ile ya kitu kilichopotea. Ukimwona mnyama wa ndugu yako amepotea, amri inasema, usijifiche. Mpeleke kwako, mlishe, umtunze mpaka mwenyewe aje.

Jumapili Babu alikuwa amemfafanulia kwa simu. "Na sikiliza hili, mjukuu wangu. Unapotangaza, alama usizitaje wewe. Sema tu umeokota mnyama. Mwenyewe ndiye atakayekuja azitaje. Umeandika?"

"Nimeandika, Babu." Na kweli aliandika, akapiga na mstari chini yake.

Alhamisi ile, kwa Waislamu, ilikuwa siku ya Arafa. Kesho yake ilikuwa Iddi kubwa, na mji wote ulikuwa mbioni. Magari madogo ya mizigo yalipita barabarani yakiwa na mbuzi, na wanawake walitoka madukani na mifuko mikononi na mingine kichwani. Bupe alinunua unga na hamira, akakata kona nyuma ya duka ili apite kivulini, na hapo akasimama.

Mbuzi jike mweupe alikuwa anakula boksi la biskuti. Hakuwa na mtu. Shingoni alikuwa na kamba ya kijani iliyokatika, na ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imepungua kidogo. Bupe alitazama huku, akatazama kule. Wiki nzima amekariri habari za mnyama aliyepotea, na leo mnyama mwenyewe amekuja kumngoja nyuma ya duka.

Alimwongoza mpaka kwenye kivuli cha maegesho ya jengo lao, akamfunga kwenye nguzo, akapanda ngazi mbili mbili kuleta maji. Mbuzi alikunywa karai zima. Bupe aliona kiwele chake kimejaa na kukazana, lakini yeye ni mtoto wa ghorofani. Alidhani ni unene tu.

Hapo ndipo kiherehere kilipompanda. Alikwisha kujiona kesho mbele ya sinagogi, akisema, "Na mimi mwenyewe jana nilimrudisha mbuzi kwa mwenyewe." Watu watapiga makofi, na Babu atapangusa miwani. Ila mwenyewe ilikuwa lazima apatikane leo, tena upesi. Baba alikuwa amekwenda kutengeneza kiyoyozi cha mteja, na Mama alikuwa zamu hospitalini. Bupe alichukua simu, akapiga picha ya mbuzi, akaituma kwenye kundi la wakazi wa mtaa: "Ameokotwa mbuzi jike, mweupe, kamba ya kijani, sikio la kushoto limekatika ncha. Mwenyewe apige namba hii."

Hakuacha kitu hata kimoja. Alama zote alizozijua alizianika mwenyewe, na daftari lake lenye mstari lilikuwa juu ya kitanda.

Dakika ishirini hazikupita, simu ikaita. Alikuwa kijana anaitwa Hatem, wa jengo la pili, ambako nao nyumbani husema Kiswahili. Alifika mbio na gari lake la mizigo, jasho linamtiririka, ndani ana mbuzi wawili weupe wanalia. Kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa limevunjika, naye ameufunga kwa kilemba chake cha zambarau.

"Walikuwa watatu," alisema, akihema. "Nimewanunua jana sokoni kwa ajili ya baba yangu mdogo. Asubuhi hii nimesimama kununua barafu, kurudi naona wawili. Nimeona tangazo lako nikashukuru. Mweupe, sikio limekatika, kamba ya kijani. Ndiye huyu."

"Ndiye," Bupe alisema, naye akicheka kwa furaha.

"Mungu akuzidishie. Baba mdogo Ghassan angenichinja mimi badala yake." Alimpakia mbuzi, akafunga kilemba, akaondoka, akisema anakwenda Khuwair ya Kusini anakokaa huyo baba yake mdogo.

Bupe alifuta tangazo, akapanda juu akiimba. Alikaa na daftari, akaongeza ukurasa mzima wa habari za mbuzi, na kila sentensi ilianza na neno "mimi".

Saa tisa alasiri kengele ya mlango ililia. Alikuwa Ghadeer, rafiki yake wa darasani, ambaye bibi yake, Bi Shaikha, anakaa katika nyumba yenye ua mitaa mitatu kutoka hapo. Bi Shaikha alizaliwa Unguja, akaja Maskati angali msichana, na mpaka leo anafuga mbuzi uani kwake ingawa wanawe wanamkataza. Ghadeer alikuwa amevimba macho.

"Bupe, hujamwona mbuzi? Mbuzi wa Bibi. Asubuhi vililetwa viti vya wageni wa Iddi, mlango wa ua ukaachwa wazi. Ana vitoto viwili, vina wiki mbili tu. Vyalia tangu asubuhi, maziwa ya chupa havitaki."

Bupe aliuliza upesi, "Mbuzi wa namna gani?"

"Mweupe. Sikio lake limeliwa ncha na paka alipokuwa mdogo."

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Bupe alifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa kile alichotaka. "Hapana. Sijamwona."

"Basi ukimwona niambie. Bibi amefunga Arafa, na jua hili anazunguka mitaani na bakora yake. Nnaogopa ataanguka." Ghadeer aliteremka ngazi, na Bupe akasikia viatu vyake mpaka chini.

Aliufunga mlango akaegemea. Nafsi yake ikaanza kumtetea. Tangazo limefutwa. Hatem hamjui Ghadeer. Kesho asubuhi mbuzi atachinjwa, na baada ya hapo hakuna atakayejua. Nani ataumia zaidi ya alivyokwisha kuumia? Akachukua daftari ili afanye mazoezi ya hotuba, maana kazi hutuliza. Mstari wa kwanza aliouandika kwa mkono wake mwenyewe ulikuwa una neno moja kubwa: Usijifiche.

Alijaribu kuusoma kwa sauti, akashindwa. Alilia pale pale sakafuni, kwa aibu hasa, si kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye, alipofikiria vile vitoto.

Baba yake alirudi saa tisa na nusu, akamkuta amekaa vile vile. Bupe alimwambia yote, tangu boksi la biskuti mpaka neno "sijamwona". Bwana Msafiri si mtu wa kupayuka. Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Umempigia huyo kijana?"

"Mara sita. Hapokei."

"Sawa. Tunakwenda. Lakini kwanza tunapita kwa Bi Shaikha, na mimi sitakusemea. Mdomo uliomdanganya Ghadeer ni wako, na wa kusema kweli ni huo huo."

Walimkuta Bi Shaikha amerudi, amekaa kizingitini, shela imemwangukia mabegani, na kitoto kimoja cha mbuzi kiko mapajani kinamnyonya kidole. Ghadeer alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi," Bupe alisema.

"Marahaba, mwanangu. Una nini mbona macho mekundu hivyo?"

"Mbuzi wako nilimwokota mimi. Nilimtangaza na alama zake zote, akaja mtu akasema wake, nikampa. Na Ghadeer aliponiuliza nikasema sijamwona. Nilimdanganya."

Ghadeer aligeuza uso akatazama ukuta. Hilo lilimuuma Bupe kuliko angepigwa kofi. Bi Shaikha alifunga shela yake.

"Nnakusikia. Hasira zangu nitazitafuta kesho, leo hatuna wakati. Huyo mtu yuko wapi?"

"Kwa baba yake mdogo, Khuwair ya Kusini. Nyumba siijui, na kwao hapa tumepiga hodi, hakuna mtu."

"Kuna mtaa utakaotushinda sisi?" Bi Shaikha alisimama kwa bakora yake, kitoto cha mbuzi kwapani. "Ghadeer, lete kile kingine. Njaa haingoji."

Basi waliingia wote katika gari la kazi la Bwana Msafiri, lenye ngazi juu na mabomba ya viyoyozi nyuma. Bi Shaikha alikaa mbele kama waziri. Bupe na Ghadeer walibanana nyuma kati ya mitungi ya gesi, kila mmoja akitazama dirisha lake. Vitoto vililia njia nzima.

Walipofika Khuwair ya Kusini, Bwana Msafiri alizima redio akashusha vioo ili wasikilize sauti ya mbuzi. Ndipo walipojua kosa lao. Jioni ya kuamkia Iddi kubwa kila ua una mbuzi, na kila mbuzi analia. Mtaa mzima ulikuwa "mee, mee" kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata Ghadeer alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Tafuta gari," Baba alisema. "Gari likoje?"

"Jeupe."

"Bupe, Maskati yote ni magari meupe."

"Mlango wa nyuma umefungwa kwa kilemba. Cha zambarau."

Walipita mtaa wa kwanza, wakapita wa pili. Jua lilikuwa linashuka, na Bupe alihesabu magari mpaka macho yakamwasha. Walipita mtaa wa tatu polepole, nyuma ya duka la mapazia, na Ghadeer ndiye aliyekiona.

"Kile pale. Kilemba. Kile pale."

Hatem alifungua lango mwenyewe, mikono ina majani. Alipoelezwa alikunja uso, na tusimlaumu. "Asubuhi uliniambia ni wangu, sasa unaniambia si wangu. Nitaaminije? Mbuzi wangu naye ni mweupe. Na kesho ndiyo Iddi."

"Si kosa lako," Bupe alisema. "Nilikutajia mimi kila kitu."

"Mimi sura zao sizijui vizuri, nimewanunua jana tu," Hatem alikiri, sauti imepungua. "Nilisikia alama zako, nikaona ni hizo hizo. Hata sikumtazama sawasawa."

Mzee Ghassan, baba yake mdogo, alitoka barazani na tasbihi mkononi kuona kuna zogo gani. Bi Shaikha hakubishana na mtu. Alivuka lango, akaenda mpaka kwenye ua walimofungwa mbuzi sita, wa Hatem pamoja na wa ndugu zake, wote weupe, wote wamegeuza makalio. Aliinama kwa tabu akaweka kitoto chake chini. Ghadeer akaweka cha pili.

Vitoto vilisimama kidogo, miguu imetanuka. Kisha mbuzi mmoja pembeni alipaza sauti, akaivuta kamba mpaka ikamkaba. Vitoto vilikimbia moja kwa moja, vikapita katikati ya miguu ya wale watano bila kumtazama hata mmoja, vikapiga magoti chini ya kiwele vikaanza kunyonya, mikia inatetemeka. Uani kulisikika mlio wa kunyonya tu.

"Hatem," Mzee Ghassan alisema, "mwenye mali keshapatikana. Mfungue."

Hatem aliinama kumfungua. Alipokuwa akilegeza fundo alikitazama kile kiwele kilichojaa, akatikisa kichwa. "Ningemchinja mzazi," alisema taratibu. "Bibi, nisamehe."

"Huna kosa, mwanangu. Mtu akitafuniwa jibu akalishwa, atameza." Kisha Bi Shaikha alimgeukia Bupe. "Na wewe, nani kakufundisha kuanika alama zote barabarani?"

"Nilifundishwa nisizianike, Bibi. Sheria yetu inakataza. Nilikuwa na haraka."

"Hata sisi sheria ya kiokotwa ndiyo hiyo. Alama unazitia moyoni, mwenyewe ndiye azitaje. Walioiweka walijua. Si kwamba kila ajaye ni mwizi. Huyu si mwizi, na angemla mbuzi wangu kwa nia safi kabisa."

Walirudi Ghubra na mbuzi kati ya mabomba. Adhana ya magharibi iliwakuta mlangoni, na Bi Shaikha akafuturu kwa tende na maji kwenye kizingiti chake. Ghadeer alimsaidia Bupe kushusha vitoto. "Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Lakini kesho nitakuja kukusikiliza. Nataka nisikie kama utasema ile sehemu yangu."

Ijumaa saa kumi na moja jioni, Ghadeer alikuwa kwenye kochi na nguo yake mpya ya Iddi. Mama alikuwa amemtengea samaki, maana nyama ya kuchinjwa kwa sheria yao haipatikani Maskati. Bupe alisimama mbele ya simu. Katika kioo waliketi watu wa Arusha, wamebanana, kofia ndogo vichwani. Bupe hakusoma ule ukurasa wa "mimi". Aliuchana asubuhi. Alieleza amri, akaeleza haraka yake, akaeleza jinsi alivyotaka makofi kabla ya mbuzi. Alipofika kwenye neno "sijamwona", alilisema wazi, na Ghadeer kwenye kochi akaacha kutazama zulia akamtazama yeye.

Alipomaliza watu walimpigia makofi. Babu peke yake hakupiga. Alisogea karibu na simu mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

"Umesema vizuri, Bupe. Kukiri mbele ya watu ni kazi nzito, na umeifanya. Nina swali moja. Huyo kijana Hatem, wewe ulisema alipoteza mbuzi wake kweli. Amepatikana?"

Bupe alimtazama Ghadeer. Ghadeer alimtazama Bwana Msafiri. Tangu jana hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria hilo. Walikuwa wameingia nyumbani kwa mtu jioni ya kuamkia sikukuu, wakamchukua mbuzi, wakaondoka kwa shangwe, na Hatem akabaki na wawili badala ya watatu.

"Hapana, Babu."

"Ameomba mtu amsaidie kumtafuta?"

"Hakuomba. Yeye ndiye aliyeomba msamaha."

"Basi sikiliza, binti wa amri. Torati haikusema usijifiche kwa mbuzi wa bibi ya rafiki yako. Imesema wa ndugu yako, na ndugu ni yeyote mwenye kitu kilichopotea. Amri haifanywi ili tupate la kusimulia. Hufanywa kwa sababu mahali fulani kuna mtu anatafuta chake, na wewe una macho. Sifa tumekupa. Kazi bado." Babu alivua miwani. "Huko kwenu jua linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Na wenzenu Waislamu, kuchinja kwao kumekwisha leo?"

Ghadeer alijibu kutoka kwenye kochi. "Bado, Babu. Mpaka siku tatu zijazo inafaa."

"Basi Hatem hajachelewa, na ninyi mna saa nzima kabla ya Sabato. Mimi nikiwa ninyi nisingekuwa nimekaa."

Bwana Msafiri alikwisha kuchukua funguo. Bupe alimpigia Hatem huku akitafuta viatu, na safari hii Hatem alipokea.

"Ni mimi, Bupe," alisema. "Tunakuja kumtafuta mbuzi wako. Tuambie ulisimama wapi kununua barafu, lakini alama zake usitutajie. Tukimpata tutakuita, uje uzitaje mwenyewe."